Paneli za chini za boti ya faiba zimekatika kando ya mataruma: lawama ni ya povu?

Igombe_Faiba

Wakuu, salamu. Naomba msaada wa wanaozifahamu paneli za sandwichi, hizi zenye kiini chepesi katikati na ngozi ya faiba pande mbili.

Boti ni ya mita 9, inabeba mizigo na abiria kutoka Igombe kwenda visiwani kwa mashine mbili za HP 40. Ikiwa nyepesi inakimbia hadi kilomita 33 kwa saa. Paneli za chini zimejengwa hivi: ngozi ya nje ni tabaka 3 za mati (mkeka wa nyuzi za kioo) ya gramu 450 kwa mita ya mraba, kiini ni povu gumu la PVC la milimita 20, uzito wa kilo 60 kwa mita ya ujazo, na ngozi ya ndani ni tabaka 2 za mati ileile. Rezini, yaani gundi ya maji inayoganda na kushika nyuzi, ni poliesta. Mataruma, yaani mbavu za boti, yako kila sentimita 90. Povu lilikuwa la vipande vyenye mikato upande mmoja ili likubali kupinda. Lililazwa juu ya mati mbichi, likakandamizwa kwa mifuko ya mchanga.

Boti imepandishwa nchi kavu baada ya miezi ya kusi. Ngozi ya nje haina ufa unaoonekana. Ndani, kando ya mataruma mawili ya upande wa omo (mbele), kuna mistari myeupe inayokwenda sambamba na taruma, umbali wa sentimita 5 hadi 10 kutoka kwenye taruma lenyewe. Ukigonga hapo sauti ni butu. Kuna pia mabaka yenye sauti butu katikati ya paneli mbili, na hayo hayafuati taruma lolote. Bolti moja ya kushikia benchi ilipofunguliwa, maji yalitoka kwenye tundu.

Mwenye boti anataka povu lote litolewe, iwekwe plywood au faiba tupu. Je, povu kweli ndilo lenye kosa?

nyanza_miundo

Mkuu, hapo una matatizo matatu tofauti. Mistari kando ya mataruma ni moja, mabaka ya katikati ni la pili, maji ya bolti ni la tatu. Nianze na la kwanza kwa sababu ndilo linaloweza kuzamisha watu.

Katika paneli ya sandwichi, ngozi hubeba mvutano na mgandamizo wa kupinda. Kiini kina kazi nyingine: kinazuia ngozi moja isiteleze kwenda huku na nyingine kule. Mkazo huo wa mkato ni mdogo katikati ya paneli na ni mkubwa kabisa kwenye egemeo, yaani pale paneli inapokutana na taruma. Kwa hiyo kiini kikizidiwa hukatikia hapohapo, kwa ufa wa mshazari wa karibu digrii 45 kutoka ngozi moja hadi nyingine. Kiini kikishakatika, ngozi ya ndani iliyo nyembamba inaanza kupinda peke yake juu ya ule ufa, rezini inachanika kidogokidogo, na ndiyo hiyo mistari myeupe unayoiona.

Sasa hesabu. Tuchukue wimbi linapiga chini ya boti kwa shinikizo la kilopaskali 40, kiasi cha kawaida kwa mfano wa boti ya ukubwa na mwendo huo. Chukua ukanda wa paneli wenye upana wa mita 1, urefu kati ya mataruma mita 0.9. Nguvu kwenye kila egemeo ni nusu ya mzigo wote: 40 × 0.9 ÷ 2 = kilonyutoni 18. Umbali kati ya vitovu vya ngozi mbili ni milimita 20 za povu, jumlisha nusu ya unene wa kila ngozi. Tabaka moja ya mati ya gramu 450 ikilowa vizuri hutoa milimita 1 hivi, kwa hiyo ngozi zako ni milimita 3 na 2, na umbali unakuwa 22.5.

Mkazo wa mkato = 18,000 ÷ (1,000 × 22.5) = MPa 0.8 (MPa ni megapaskali, yaani nyutoni 1 kwa milimita ya mraba).

Povu la PVC la kilo 60 hukatika kwenye MPa 0.75 hivi. Limeshapita.

Angalia ngozi sasa. Kwa paneli iliyoshikwa pande zote mbili, momenti (nguvu ya kupinda) kwenye egemeo ni 40 × 0.9 × 0.9 ÷ 12 = kilonyutoni-mita 2.7. Ukigawa kwa unene wa ngozi ya ndani na ule umbali wa 22.5, unapata MPa 60 za mgandamizo. Mati na poliesta hustahimili mara mbili ya hapo. Ngozi imetumia nusu ya uwezo wake wakati kiini kimekwisha. Kukunjamana kwa ngozi nako nimekupima: kwa moduli (kipimo cha ugumu) ya ngozi ya MPa 7,000, na ya povu MPa 70 kwa mgandamizo na MPa 20 kwa mkato, zidisha tatu hizo, chukua kipeuo cha tatu, kisha nusu yake. Inakuja MPa 107. Bado kuna nafasi.

Kwa hiyo kumwongezea mwenye boti tabaka za faiba hakutatibu kitu. Kasoro iko kwenye uzito wa povu na umbali wa mataruma. Ukitumia povu la kilo 100 kwa mita ya ujazo, nguvu yake ya mkato ni MPa 1.6 hivi, maradufu ya la kilo 60. Na uzito? Milimita 20 za povu la kilo 60 ni kilo 1.2 kwa mita ya mraba, za kilo 100 ni kilo 2. Kama chini ya boti yako ni mita za mraba 10, tofauti yote ni kilo 8. Inaniuma kuona boti nzuri inaharibika kwa kubana kilo nane, wakati jerikeni moja ya petroli ya lita 20 inazidi hapo.

Njia ya pili ni kuongeza taruma katikati ya kila nafasi. Urefu ukiwa sentimita 45, mkazo unashuka hadi MPa 0.4. Mimi ningefanya hivi: paneli zilizokatika zipate povu la kilo 100, na zile ambazo bado ni nzima ziongezwe taruma la katikati bila kuzifungua.

Kuhusu faiba tupu, mwambie mwenye boti namba hii. Hizo milimita 5 za ngozi zako zikiunganishwa bila povu, ugumu wa kupinda unapungua karibu mara 58. Kwenye maji tofauti hiyo haionekani yote, kwa sababu povu lenyewe huteleza kidogo: kwa paneli yako, kati ya milimita 24 za kupinda chini ya shinikizo hilo, milimita 8 zinatoka kwenye mkato wa kiini. Hata hivyo, ili faiba tupu ifikie ugumu huo ungelazimika kuirundika hadi boti ipoteze nafasi ya mizigo.

Kayenze_Rezini

Naongezea kwenye mabaka ya katikati, maana hayo ni ya gundi, hayahusiani na mzigo.

Mifuko ya mchanga haitoshi kabisa kwa povu. Ukipanga kilo 100 za mchanga kwenye mita moja ya mraba umeweka kilopaskali 1 tu. Pampu ya vakyumu ikivuta zaidi kidogo ya nusu ya hewa, inaweka kilopaskali 50, sawa na tani 5 kwa mita ya mraba, tena kwa usawa hata penye mkunjo. Mfuko wa mchanga hukaa juu ya kilima cha povu, bondeni pakabaki hewa. Hapo ngozi haijawahi kushika tangu siku ya kwanza.

Kabla ya kulaza povu, lipake kwanza rezini ya kuziba vitundu vya juu, gramu 300 hadi 500 kwa mita ya mraba. Usipofanya hivyo, povu linanyonya rezini ya mati na kuiacha kavu. Pulizia vumbi la kukatia povu hadi liishe, kwani vumbi hilo ndilo huwa ukuta kati ya rezini na kiini.

Halafu ile mikato ya kupindishia. Povu la PVC lenyewe halinywi maji, vitundu vyake vimefungwa. Lakini mikato ikibaki mitupu inakuwa mifereji. Maji yanaingilia kwenye bolti ya benchi na kutokea mita mbili mbele. Jaza mikato yote kwa rezini iliyoongezwa unga mwepesi wa kuvimbisha, ipake kwa kibao chembamba cha plastiki huku umelipinda povu ili mikato iwe wazi.

Hadina: kwa joto letu la mchana la nyuzi 28 hadi 30, asilimia 1 ya MEKP (kemikali ya kukausha poliesta) inatosha, asubuhi na mapema weka asilimia 1.5. Pima kwa mizani, usikadirie kwa kizibo. Ukizidisha, rezini iliyojaa kwenye mikato inachemka na kuachia mapovu. Ukienda chini sana haikauki hadi ndani na inabaki laini milele. Na kama unachanganya kichapuzi cha kobalti mwenyewe, kikoroge kwanza ndani ya rezini, ndipo hadina ifuate. Kobalti na MEKP vikikutana vyenyewe kwa vyenyewe vinalipuka.

Igombe_Faiba

Asanteni sana. Nimekata dirisha la sentimita 20 kwa 20 kwenye ngozi ya ndani karibu na taruma la pili. Povu lina ufa wa mshazari kama alivyosema nyanza_miundo, unaanzia chini karibu na taruma na kupanda kuelekea katikati. Kwenye baka la katikati nimekata dirisha lingine: ngozi ya nje upande wa ndani inang'aa, haina hata chembe ya povu iliyobaki juu yake.

Swali: naweza kutoboa vitundu na kusukumia rezini kwa bomba la sindano, au lazima nifungue?

nyanza_miundo

Ngozi inayong'aa inathibitisha maneno ya Kayenze_Rezini. Gundi ikiwa nzuri, povu ndilo linalochanika, na kipande chake kinabaki kimeng'ang'ania kwenye ngozi.

Sindano inafaa kwa baka dogo, kavu, ambalo povu lake ni zima. Kwa kiini kilichokatika haifai. Rezini itajaza nafasi lakini kando ya hapo povu ni lilelile dhaifu, na sasa kuna donge gumu katikati ya kitu laini. Ufa mpya utaanzia ukingoni mwa donge. Fungua.

fundi_mkuyuni

Utaratibu wa kufungua, kwa anayefanyia ndani ya boti:

Kabla ya yote, egemeza boti kwenye vitanda vinavyofuata umbo lake, kimoja chini ya kila paneli utakayofungua. Ngozi ya nje ikibaki peke yake inalegea, na utajenga paneli mpya juu ya umbo lililobonyea.

Gonga kwa nyundo ndogo kila baada ya sentimita 5, chora mpaka wa sauti butu kwa chaki. Kata sentimita 10 nje ya mpaka huo, kwenye sauti nzima. Weka kina cha diski kiwe milimita 2 na nusu tu ili usiguse ngozi ya nje. Pembe za dirisha zikate kwa mviringo, kwa sababu kona kali huzaa ufa.

Ondoa povu kwa patasi pana, kisha sugua ngozi ya nje kwa msasa namba 40 hadi mng'ao wote uondoke. Acha ikauke. Kwenye msimu wa mvua funika kwa turubai na uweke feni ndani, usilazimishe kwa moto. Bandika kipande cha nailoni cha nusu mita kwa gundi ya karatasi pande zote, ukiacha usiku mzima: kikiwa na ukungu asubuhi, maji bado yamo.

Kingo za ngozi ya ndani iliyobaki zichonge mshazari mrefu. Kwa unene wa milimita 2, mshazari usipungue milimita 40, ukiweka 50 ni bora. Kingo za povu jipya zinazokwenda kuishia kwenye mkuku (uti wa chini wa boti) au kwenye faiba tupu zichongwe mteremko wa 1 kwa 3. Povu likiishia wima kama ukuta, ngozi inalazimika kukunja ghafla, na hapo panavunjika tena.

Kwa marekebisho mimi napendelea epoksi kuliko poliesta, maana poliesta mpya juu ya poliesta iliyokomaa hushika kwa mikwaruzo tu. Ila usitumie mati ya kawaida na epoksi. Gundi iliyoshikilia nyuzi za mati hutegemea stairini, kiyeyushi kilichomo ndani ya poliesta, ili iyeyuke, na epoksi haina stairini, kwa hiyo mati inabaki ngumu na haikubali kulala. Tumia kitambaa cha faiba kilichoshonwa, chenye nyuzi za pembe ya digrii 45.

Kayenze_Rezini

Tuzungumzie na bolti, naona zimepitwa haraka.

Povu la kilo 60 hubonyea kwa MPa 0.9. Washa ya kipenyo cha milimita 30 yenye tundu la 12 ina eneo la milimita za mraba 594. Zidisha: nyutoni 535, karibu kilo 54. Ngozi inasaidia kusambaza kidogo, lakini bolti ya M10 ikikazwa kwa spana ya kawaida inazidi kilonyutoni 10 bila shida. Kwa hiyo kila bolti iliyopita kwenye povu tupu imeliponda povu siku ileile ilipokazwa. Bolti ikalegea, ikakazwa tena, ikaponda zaidi, maji yakapata njia.

Toboa ngozi ya ndani kwa tundu la milimita 40, chimba povu lote hadi ngozi ya nje, jaza kwa epoksi iliyochanganywa na nyuzi fupi za kioo hadi iwe nzito kama siagi. Jaza kwa awamu mbili ili isichemke. Ikikauka, toboa tundu la bolti katikati yake. Kwenye shetri panaponing'inia mashine usijaribu hata hivyo: hapo weka plywood ya baharini iliyozibwa kwa epoksi kingo zote, au faiba tupu nene.

Bwiru_mtumbwi

Nawaheshimu wakuu, lakini naona hesabu zote ni za wimbi. Boti za kwetu hazifi kwa wimbi peke yake. Zinaburutwa kwenye changarawe, zinakutana na mawe haya ya Mwanza yaliyojificha chini ya maji, na zinapakiwa zikiwa zimekalia mwamba. Ngozi ya nje ya milimita 3 juu ya povu laini, jiwe moja linaibonyeza, povu linabaki na shimo chini yake, na huwezi kuliona kwa nje. Bonyeo hilo linakua kila wimbi linapopiga.

Ushauri wangu: ukanda wa sentimita 20 kila upande wa mkuku, na kwenye kona za chini ya boti, pawe faiba tupu isiyopungua milimita 10, bila kiini. Sandwichi ianzie hapo kwenda ubavuni na kwenye sitaha. Ngozi ya nje ya sehemu ya chini iwe milimita 5.

nyanza_miundo

Bwiru_mtumbwi yuko sahihi, nakubali bila ubishi. Ugumu wa paneli nzima haulindi sehemu iliyogongwa, unene wa ngozi ndio unaolinda.

Niongeze kuhusu kugonga kwa nyundo, kwa kuwa watu wanaiamini kupita kiasi. Inaona ngozi iliyo upande wako tu. Ukigonga ndani, ngozi ya nje iliyobanduka inaweza kukupita, kwa hiyo gonga pande zote mbili. Machi 2005, ndege ya Air Transat aina ya A310 iliyotoka Varadero, Kuba, ilipoteza usukani wake wa mkia ikiwa hewani. Usukani ule ulikuwa sandwichi, kiini cha sega la Nomex (aina ya karatasi ngumu) na ngozi za kaboni. Marubani walirudi na kutua salama. Wachunguzi waliona kwamba kubanduka kwa ngozi kunaweza kukua haraka na kwamba ukaguzi wa kuangalia kwa macho na kugonga hautoshi kukugundua kwa wakati. Ikiwa ndege ilipitwa, boti itapitwa pia. Kila ukipandisha boti, chora ramani ya mabaka na vipimo vyake. Baka lililokua tangu mara ya mwisho lifunguliwe, hata kama ni dogo.

fundi_mkuyuni

Na kabla ya kujenga paneli nzima, jaribu kipande. Tengeneza sampuli ya paneli yako, kata ukanda wa milimita 50 kwa 300. Uweke juu ya vyuma viwili vilivyoachana milimita 200. Katikati weka bapa la chuma lenye upana wa milimita 50, na mabapa mengine madogo kwenye maegemeo, ili usiponde povu badala ya kulikata. Ning'iniza pipa la lita 200 kwa mnyororo kutoka bapa la kati, liwe sentimita 5 tu juu ya ardhi, miguu ikae mbali. Jaza maji kwa ndoo ya lita 20 ukihesabu.

Kwa povu la kilo 60 na ngozi za milimita 3 na 2, linatakiwa kukatika kwenye kilo 174 hivi, pipa lenyewe likiwemo. Pipa tupu la chuma lina kama kilo 20, kwa hiyo ni ndoo saba na nusu hadi nane. Likikatika kwenye ndoo ya nne na ngozi ikatoka safi, gundi yako ni mbovu. Likionyesha ufa wa mshazari karibu na namba hiyo, kazi ni nzuri na umepata nguvu halisi ya povu ulilouziwa. Kwa povu la kilo 100 pipa moja halitoshi, punguza upana wa ukanda hadi milimita 25.

Igombe_Faiba

Nimewaelewa. Nimepata pampu ya vakyumu ya kuazima. Nikiifunga na kuziba mdomo wake, geji inaishia ba 0.86 (ba 1 ni kilopaskali 100), haifiki 1 kama ilivyoandikwa kwenye kitabu chake. Ni mbovu?

Kayenze_Rezini

Nzima kabisa. Ziwa letu liko mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, hewa yenyewe hapa ina kilopaskali 88 tu, kwa hiyo geji ya ba haiwezi kupita 0.88. Na hutaki hata hizo zote. Kwa poliesta simama kwenye 0.5 hadi 0.6, ukivuta hadi mwisho, stairini inaweza kuchemka ndani ya mfuko rezini ikipata joto, ikakuachia vitundu. Kagua uvujaji kabla ya kuchanganya rezini: funga mfuko mkavu, vuta, zima pampu, subiri dakika 10. Ikishuka zaidi ya 0.05, tafuta tundu kwanza.